Jino la Nne

Nilikuwa nawapikia mafundi wa daraja, Busisi,
ugali kwa wetu, wali kwa wageni,
na Bwana Shen, mpima udongo, ndiye aliyebaki mezani
akichokonoa mwiba wa sangara.
Akanionyesha simu: fuvu limebanwa ndani ya jiwe,
pua butu kama koleo lililochakaa.

"Aligeta," akasema. "Wa kale. Ametoweka."

Kutoweka nakujua, nikamwambia.
Mama yangu aliwahesabu furu kwa majina,
wekundu, wenye mistari, wa kwenye miamba;
mimi nimeyakuta majina, sahani haina kitu.

Akatelezesha kidole: nduguye aliye hai,
mfupi, mweusi, huchimba shimo kando ya mto wa kwao
na kulala humo baridi yote.
Wamebaki wachache, akasema, kwa sauti
ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa.
Mwingine yuko Amerika, mnene, kwenye vinamasi.
Na huyu wenu, mamba, ni binamu wa mbali:
tazama mdomo.
Aligeta akifumba, meno ya chini yote yamo ndani.
Mamba akifumba, jino la nne la chini
linabaki nje, linachungulia.

Alikuwa anacheka. Hakujua.

Mimi nimeliona jino hilo, kwetu Buchosa,
nikiwa na ndoo ndani ya uzio wa miti tunamochotea maji.
Lilikuwa jeupe, safi kuliko vyombo vyangu vyote.
Masunga alikuwa nje ya uzio, maji ya magoti,
akiosha baiskeli ya baba yake.

Baiskeli tuliipata.

Jumapili nikaenda kwa mama mdogo Kwandu,
nikampelekea kilo ya mchele na habari hizi:
kwamba mamba ana ukoo, matawi yake hadi Uchina,
kwamba umri wao ni mamilioni ya miaka, kwamba
wengine wamegeuka mawe
na wengine wana watu wa kuwasikitikia.

Alikuwa anaanua dagaa. Baiskeli imeegemea ukuta,
hairuhusiwi kupandwa.
Akapepeta. Akapuliza mchanga.
"Na wa kwetu," akauliza, "atatoweka lini?"

Nikafumba mdomo.
Sijui kama kuna jino lililobaki nje.