Viti Viwili

Fomu ilisema: watu wawili, gari zima, siku moja,
toka alfajiri hadi lango lifungwe.
Nikapakia maji ya wawili, mayai manne, chapati,
darubini mbili nimezifuta kwa ncha ya shati.
Nikamkuta Karenga, nje ya nyumba ya wageni,
bibi mwembamba, viatu vya kamba,
daftari la mistari kwapani.
Peke yake.
"Mwenzako bado analala?"
"Twende," akasema,
na mlango wa pili akaufungua mwenyewe,
akangoja kidogo, akaufunga.

Mimi naitwa Lomongin. Kazi yangu ni kuonyesha.
Wageni wengi humtaka simba kabla ya chai,
nami naujua mwamba anaoota juu yake jua,
namjua hata yule jike wa sikio lililochanika.
Nikamwonyesha. Akatazama kwa adabu,
kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi
ya watu asiowajua.

Nyati wakakata njia mbele yetu robo saa nzima,
shashi migongoni wakisafiri bila nauli.
Morungole ilikuwa bado imejitwika wingu la asubuhi.
Nikataja kongoni, nikataja taya, kuro, mumbi;
akatikisa kichwa kila jina
kama anayesahihisha mtihani na kukuta sawa.

Kisha: "Nataka twiga."
Twiga ninao, nikasema, tele.
"Anayekunywa maji."

Hapo nikazima injini.
Mama, hiyo haiagizwi kama soda.
Twiga hupata maji kwenye majani,
anaweza kupita kidimbwi siku mbili tatu
asikitupie jicho.
"Nina siku nzima," akasema. "Nimeilipia."

Tukakaa juu ya kidimbwi cha Narus.
Jua likapanda, bati la gari likaanza kualika.
Akasimulia akiangalia maji, si mimi:
miaka thelathini na moja, sayansi, darasa la tano,
twiga wa chaki ubaoni, kila muhula wa pili.
Shingo ni ndefu lakini haifiki chini,
kwa hiyo mnyama hupanua miguu ya mbele. Andikeni.
Na mvulana mmoja, Okeny, mkono juu daima:
"Mwalimu, umeona kwa macho yako?"
"Sijaona."
"Basi tutajuaje?"
Darasa likaangua kicheko, naye akacheka.
"Nikamwambia, siku moja tutakwenda tukaone.
Hiyo ilikuwa Jumatano.
Ijumaa dawati lake lilikuwa na nafasi."

Sikuuliza. Sisi wa kaskazini tunaijua miaka ile,
kila nyumba na hesabu yake.
Nikamenya yai, nikampa.

Saa kumi na dakika kumi wakaja watatu
kutoka kwenye miegea, soksi zao nyeupe,
wakisimama, wakisikiliza, wakisimama tena.
Mkubwa akafika ukingoni.
Akapanua miguu kidogo, akaghairi, akairudisha.
Akatazama mlimani, akatutazama sisi.
Akapanua tena, zaidi, kwa vishindo vidogo,
kama meza ya kukunja inayofunguliwa
na mtu asiyeiamini.
Shingo ikashuka. Ikashuka.
Nimefanya kazi hii miaka tisa
na nilikuwa nimebana pumzi.

Bibi hakuandika kitu.
Alichukua darubini ya pili,
akaiweka kwenye kiti cha pembeni yake,
vioo vikielekea dirishani.
Akasema kwa sauti ya darasani,
ile inayofika dawati la mwisho:
"Haya. Nani alikuwa anabisha?"

Twiga akainua kichwa kwa ghafla,
uzi wa maji ukining'inia mdomoni,
ukakatika.

Tukarudi mbio, vumbi likitufukuza.
Chapati mbili zimebaki katika karatasi yake;
sikuzigusa, na njaa niliyokuwa nayo.
Langoni askari akainamia daftari lake, giza likiingia.
"Wangapi?"
"Wawili," akajibu bibi.
Askari akachungulia, akamwona yeye, akaniona mimi,
akaandika: wawili.
Sikumsahihisha.