Nyonga ya Zdislava

Miaka thelathini na mmoja, pale Litvínov,
mama alisimama mbele ya mashine ya kreti,
mkono ndani ya gunia la punje nyeupe
zinazoteleza kama mchele usioiva.
"Hii," aliniambia, "haipatani na mtu:
gundi haiishiki, asidi haiili, majini haizami.
Moto tu ndio unaoijulia."

Nilicheka. Nilidhani anamsema baba.

Kisha nyonga ikaanza kusaga, mfupa juu ya mfupa.
Daktari Havránek akaweka mezani kikombe cheupe,
chepesi kuliko yai:
plastiki ileile, alisema, ila nyuzi zake ni ndefu mno,
zimesokotana hata zimesahau kukatika.

Mama akakigonga kwa ukucha,
akakinusa, mazoea ya zamu ya usiku,
akauliza kimebanwa kwa joto gani.
Daktari hakujua.
"Basi mtafute anayejua,"
akasema, akajilaza kungoja sindano.

Sasa theluji ikianguka anakwenda kituo cha tramu
na kreti yake ya chupa, nyekundu, ya mwaka themanini na nne.
Haijapasuka.
Hii na hiyo ya ndani, anasema,
zitanizika, na hazitalia.