Sikio la Kushoto la Tauno

Duka letu liko Tampere, chini ya ardhi,
ngazi kumi na moja kutoka kwenye theluji.
Ukutani hedifoni thelathini na sita zimetundikwa
kama kofia za wageni ambao bado hawajaaga.
Kazi yangu ni kuuliza swali moja:
unasikiliza nini?
Bei huja baadaye. Bei haina sikio.

Lumi Pajunen, miaka kumi na tisa, buti hadi magotini,
anataka roki nzito, ile ya ngoma mbili za miguu
zinazokimbizana kama mvua ya mawe juu ya bati.
Huyu usimpe besi iliyovimba;
besi iliyovimba hugeuza ngoma kuwa uji.
Nikampa zenye utando mwembamba, nyepesi wa mbio,
kila pigo likatua na kuondoka
kabla la pili halijabisha hodi.
Akafumba macho. Akatukana kwa furaha.
Akaahidi kurudi mshahara ukitoka.

Bi. Sirkka wa kwaya ni mtu wa nafasi.
Yeye huchukua zilizo wazi mgongoni, zinazopumua,
ili waimbaji arobaini wasimame mbalimbali
na yule wa safu ya nyuma anayechelewa kidogo
ajulikane ni nani.

Basi nikaanza kujigamba:
muziki ni mguu, hedifoni ni kiatu,
nami fundi wa kupima kwa jicho.

Ndipo akashuka Tauno Hietala,
mkono mmoja kwenye ukuta, koti linanuka moshi wa kuni,
mafao ya miaka thelathini na minane ya kiwanda cha karatasi
yamo kwenye bahasha.
"Nipe ya ghali kuliko zote," akasema. "Nasikiliza tango."
(Si la kachumbari, wewe unayecheka.
Hili ni la huzuni, nalo hukatwa polepole.)

Nikamvisha za yuro elfu tatu.
Akasikiliza wimbo mzima bila kupepesa.
"Akodiani imekufa," akasema.
"Ilianza kufa zamani, nikadhani santuri imechakaa.
Nilinunua nyingine. Nayo imekufa."

Nikamuuliza mashine yake ilisimama upande gani.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la marehemu.
Kushoto, akasema. Namba nne. Kushoto siku zote.

Nikataka kumgeuzia zile za elfu tatu, zikagoma:
mito yake imekatwa mshazari,
zinajua kushoto, zinajua kulia,
hazina mjadala.
Nikashusha nyingine, za yuro mia mbili,
duara tupu, butu kama vifuniko vya sufuria,
nikamvisha kinyume.

Sijui niseme nini juu ya uso wake.
Kidole gumba kilianza kubonyeza meza,
kisha vidole vinne, vikitafuta vitufe.
"Yupo," akasema. "Alikuwa amekaa huku."
Halafu, baada ya ubeti: "Lakini fidla imeondoka."

Nikamwambia ipo swichi, huchanganya pande zote,
utawasikia wote wawili kwa sikio zima.
Akatikisa kichwa.
"Hawa hawakukaa kiti kimoja.
Ukumbini pale ziwani nilicheza na Helvi katikati yao,
tukigeuka, fidla huku, akodiani huku,
tukigeuka tena, wamebadilishana."

Akahesabu mia mbili, noti baada ya noti.
"Nitasikiliza mara mbili," akasema,
akapanda ngazi zote kumi na moja
bila kushika ukuta.

Lumi hajarudi. Labda mshahara haujatoka.
Jioni nilizima taa za mbele, nikavaa zangu kinyume,
na wimbo ninaoujua tangu utoto
ukaingia kwa mlango wa jikoni,
umebeba kitu ambacho sikuwahi kukiona mkononi mwake.