Skrubu

Jumamosi nilifunga cherehani saa tisa,
suruali ya Mzee Kihwele ikabaki na mguu mmoja,
nikamwambia Eliuteri, vaa sweta, twende.
Mwezi mzima alikuwa akiniomba,
tangu tangazo libandikwe ukutani pale Miyomboni:
Njoo uone nyota. Mkubwa elfu moja, mtoto mia tano.
Mimi ndiye niliyemsomea.
Yeye alisema herufi zimechoka.

Tulipitia bustanini na mahindi ya kuchoma mkononi.
Maharusi wawili walikuwa wakigombania
mpiga picha mmoja na kitalu kimoja cha maua,
na gauni la yule mnene, niliona kutoka getini,
pindo lilikaa upande. Jicho la fundi halina Jumamosi.
Nikamwonyesha mwanangu.
Alicheka, lakini alisubiri nianze mimi.

Kisha Gangilonga, jiwe liongealo,
ambalo jioni ile halikusema kitu;
baridi ya Julai ilikuwa imeliziba mdomo.
Kibanda cha darubini kimejibanza ubavuni mwake,
paa la bati husukumwa na watu wawili
na hulia kama mbuzi anayepelekwa mnadani.
Mwalimu Fausta Luvanda, glovu zimekatwa vidole,
alikuwa ameikamata Zohali.

Tukapanga foleni.
Mzee mmoja aliyetoka kwenye ulanzi akasema ameziona mbili.
Mwalimu akamwambia, moja ni yako, nenda nayo nyumbani.
Zamu yangu: kifungo kidogo na pete yake
kimeshonwa juu ya kitambaa cheusi
na uzi hauonekani.
Nilitafuta uzi. Kweli nilitafuta.

Eliuteri akapanda benchi, akashika skrubu.
Usiguse, nikamkemea. Akaizungusha.
Akaizungusha tena, polepole,
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani,
halafu akaacha hata kupumua.
"Baba. Ina ukingo."

Binti aliyemfuata akalalamika: ni ukungu mtupu.
Mwalimu akarekebisha.
Mwanangu akarudi nyuma ya foleni, zamu yake ikafika,
akazungusha, na aliyemfuata akaona ukungu.
Mara ya tatu mwalimu hakurekebisha upesi.
Aliinama akaitazama ile skrubu ilipofikia,
akamgeuza mtoto kwa mabega kuelekea mjini:
"Taa za ule mnara ni ngapi?"
"Mnara upi?"

Akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, darasani anakaa wapi.
Nyuma, nikasema. Ni mrefu.

Huyu ndiye hunitungia uzi umeme ukikatika,
huleta sindano hadi puani, na hakosi.
Nilijisifu sokoni kwa macho hayo.
Na karatasi za mtihani zilipokuja na duara nyekundu
nilimwita mvivu, Kihehe na Kiswahili,
na mara moja, Mungu ananijua, kwa mkanda.

Tulishuka gizani nimemshika mkono.
Ana miaka kumi na miwili; hakuutoa.
Nikamwuliza, bila darubini, nyota unazionaje?
Akafikiri mpaka tulipofika kwenye lami.
"Kama chaki iliyofutwa vibaya.
Nilidhani wote mnaona hivyo.
Nilidhani nyinyi mnakisia vizuri kuliko mimi."

Jumatatu tutaamkia hospitali ya mkoa.
Bei ya miwani siijui. Niliuliza duka moja,
mwenye duka akanitazama viatu kabla ya kujibu.

Usiku ule alinitungia uzi kama kawaida,
akaenda kulala na sweta lake.
Nikaumalizia mguu wa pili wa suruali ya Mzee Kihwele.
Ulitoka mfupi.