Mtulinga

Zamu ya usiku, chumba cha eksirei, Ghent.
Novemba. Mvua imelowesha reli za tramu,
na reli ikilowa hula matairi membamba.

Wa kwanza ni Wannes, tarishi wa chakula,
begi lake bado lanuka jibini na kitunguu.
"Nilikuwa nakwenda polepole," anasema.
Wote walikuwa wakienda polepole.

Wanasema ajali haina kinga.
Kinga ipo, naipiga picha mwaka wa ishirini na tatu huu:
ni mkono.
Mtu akirushwa juu ya usukani
mkono hutangulia bila kutumwa,
kiganja hukinga lami,
kiganja hukirushia kifundo, kifundo hukirushia kigasha,
kigasha kiwiko, kiwiko bega,
na bega, likikosa pa kurushia,
huutwika mtulinga.
Mfupa mwembamba hivi,
umepinda kama herufi iliyoandikwa kwa haraka,
na ndio unaolipa deni la mwili mzima.

Kisha Bibi Godelieve, miaka sabini na moja, nyonga.
Mlango wa gari la mkate
ulimfungukia usoni bila hodi.
Dawa ya maumivu hataki kwanza,
anataka kujua nani ameifunga baiskeli yake.
Nimemwambia polisi kaifunga.
Sijui. Nimesema tu.

Saa tano kasorobo wanaingiza kitanda kingine.
Nalijua koti la kijani kabla ya jina.
Alikuwa anatoka kwenye klabu ya njiwa,
taa ya mbele imekufa tangu Jumapili,
na mimi ndiye niliyeahidi betri.

"Baba, usipumue," namwambia,
kama ninavyowaambia wote.
Anaziba pumzi.
Naziba yangu.

Kwenye skrini, mtulinga wa kulia: vipande vitatu,
chaki iliyokanyagwa.
Lakini wa kushoto,
wa kushoto una nundu.
Ulivunjika zamani ukajiunga wenyewe,
ncha juu ya ncha, kama mtu aliyekunja mikono
akakataa kuongea.

"Na huu, lini?"
Anatazama dari.
"Hadewych, hiyo si kazi yako ya leo."
"Lini?"
"Ulikuwa na miaka mitano. Pale Coupure, kando ya mfereji.
Lori lilirudi nyuma. Ulikuwa kwenye kile kiti cha mbele.
Nikachagua upande wa kuangukia."

Siku ile naikumbuka.
Nakumbuka kiatu chekundu kikizama,
kwanza ulimi wake, kisha kisigino.
Nakumbuka nilivyokililia mpaka nyumbani,
mimi nimeketi juu,
baba anasukuma baiskeli kwa mkono mmoja,
nami kati ya kwikwi na kwikwi
nikidhani mkono mmoja ni madaha.

"Mbona hukuja hospitali?"
"Duka la viatu lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili."

Miaka thelathini na minane
amenibebea mizigo kwa bega hilo,
kabati la vyombo, godoro, jeneza la mama.
Nami niliye na mashine ya kuona ndani ya watu
sikuwahi kuuliza kwa nini koti
humteleza upande mmoja.

Daktari atataka bamba la chuma na skrubu saba.
Baba anataka kujua kama gurudumu la mbele limepinda.
Limepinda, baba.
"Linanyooka hilo," anasema, na kufumba macho.

Kwenye fomu kuna sehemu ya majeraha ya awali.
Naandika: mtulinga wa kushoto, umeunga.
Nafasi ya sababu ni ndogo,
maneno mawili, ukibana mwandiko.
Naandika: kiatu chekundu.
Daktari akiuliza, na aulize.