Mkono Ulioganda

Jina langu Devasahayam,
maana yake Msaada wa Mungu,
ila kwenye fomu ya bweni visanduku viliisha mapema
nikabaki Devasa, kitanda cha nane, cha juu,
chumba cha wanaume kumi na wawili, Singapuri.

Natoka Nazareti. Siyo ile.
Yetu iko Tamil Nadu, ina kituo cha reli na vumbi jekundu,
na mke wangu Jebamani, ambaye akipiga simu
haulizi nimekula nini. Huuliza: Umesali?
Nami humjibu ndiyo, kabla hajamaliza kuuliza.

Mwezi wa nne wakafunga lango.
Sisi tuliowapachikia watu madirisha
ya kioo kitupu, sakafu hadi dari,
tukabaki na dirisha moja la nondo
linalotazamana na dirisha jingine la nondo.
Joto tulipimwa asubuhi na jioni.
Wali ulikuja umepoa, mchuzi umeganda ukingoni,
na kila mtu alisikiliza kifua cha jirani
kama fundi anavyosikiliza injini.

Imani niliyokuja nayo ni ya kurithi,
shati la kaka: mabegani linapwaya.
Zaburi ya milima niliisoma pale nondoni
lakini nilipoinua macho sikuona milima,
niliona ghorofa ya pili na nguo zimeanikwa,
suruali, taulo, suruali.
Nikasema, basi, hizo hizo.

Jumapili tulikuwa Wakristo watatu,
mimi, Arputharaj, na kijana Yesudian asiyejua kuimba.
Simu yenye nyufa tuliiegemeza kwenye chupa ya achari.
Mchungaji alihubiri kutoka sebuleni kwake,
nyuma yake pazia, na paka akipita.
Mwisho akainua mkono atubariki
na bando likaisha.

Mkono ukaganda hewani.
Mdomo wazi, baraka imekwama kooni.
Tukangoja. Hatukujua kama inafaa kusema amina.
Shofiqul, Mbangla wa kitanda cha chini yangu,
akatupa jicho: "Mchungaji wenu atachoka.
Mwambieni ashushe mkono."
Tulicheka mpaka Yesudian akalia,
kisha akaendelea kulia, na hakuna aliyemwuliza.
Simu hatukuizima. Usiku ule tulilala
chini ya mkono ule, Wakristo na wasio Wakristo,
mpaka betri ikakata.

Siku ya ishirini na moja nilimkasirikia Mungu.
Sikumkana. Nilimnunia,
kama mtu anavyomnunia baba mkwe:
unamwamkia, unampisha njia, huongei.
Jebamani akauliza: Umesali?
Nikamwambia hapana.
Akanyamaza kidogo. Akasema, Basi leo
nitasali kwa zamu yako.

Ramadhani ikaingia.
Mkate wangu wa jioni nikawa namwekea Shofiqul wa daku,
namwamsha saa kumi kwa kugonga chuma cha kitanda.
Usiku wa sita niligonga, hakuamka upesi.
Alipoamka alikohoa,
na chumba kizima kikaacha kupumua.

Walikuja wawili, wamevaa meupe toka kichwani,
vioo usoni, sauti za vijana.
Alibeba mfuko mmoja, chaja, na msala.
Mkate akaniachia kwenye mto wangu,
umefungwa vizuri, haujaguswa.

Nilisimama ubarazani, kwenye mstari wa njano
tuliokatazwa kuuvuka.
Chini, taa za gari zilizunguka bila king'ora.
Nikainua mkono.
Sikujua kama nampungia au nambariki,
maneno hayakuja, ya Kitamil wala ya kanisa,
ila mkono sikuushusha.

Naye mlangoni pa gari akageuka,
akanitafuta kati ya ghorofa zote zile,
akaupata,
akainua wake.