Kokwa Mbili

Karaji yetu ya Maabela haina gari.
Liliuzwa mwaka aliofariki mume wangu,
likaacha doa la oili sakafuni,
na juu ya doa nimetandika mkeka
uliokwisha kuchanika pembe.
Hapa ndipo shule yangu. Watoto tisa,
na kiyoyozi kinachokohoa kunishinda mimi.

Rauza iko barabara ya pili,
ukuta wake umechorwa twiga, basi lake la njano.
Twiga anatuchungulia kwa juu.
Ada yake siitaji. Ukiitaja mbele ya mama zao
wanajifunga shela upya, kana kwamba upepo umevuma.

Kila asubuhi, tende tano kila kiganja.
Sharti ni moja: kula, kisha nipe kokwa, tuhesabu.
Wa twiga wanahesabu vibao vya rangi;
wangu wanalamba vidole kwanza.
Wahed, thnen, thalatha,
nikijisahau naingiza moja, mbili, tatu,
wanacheka, wanairudia, inawaganda.

Muhanna aliletwa Mfunguo Nne,
miaka mitano na nusu, kandambili za dada yake.
Babake aliendesha lori la maji,
lile la buluu linalojaza matangi ya watu.
Mgongo ukamlaza chali,
na tangi lao likawa la kwanza kukauka.
Mamake anashona kofia za viua,
kofia moja miezi miwili,
halafu dalali wa Matrah anaipindua, anaipindua,
akitafuta kosa la kupunguzia bei.

Nilimpa penseli, akaishika kama sindano.
Ncha chini, kidole juu, akatoboa karatasi
tundu, tundu, tundu,
mstari ulionyooka
kuliko wowote niliowahi kuchora ubaoni.
Nikamwambia, "Siyo hivyo."
Ndilo neno la kwanza nililomfundisha.

Na kila siku ananirudishia kokwa mbili.
"Nilikupa ngapi?"
"Tano."
"Na hizi?"
"Mbili."
"Zilizobaki ziko wapi?"
Anatazama doa la oili.
Siku ya nne nikafungua daftari, nikaandika:
*Hajui kuhesabu. Amechelewa.*
Kwa wino, kwa mwandiko wangu wa miaka thelathini ya ualimu.

Alhamisi aliingia na sisimizi.
Walimpanda kanzu kwa msafara
mpaka mfukoni. Nikatia mkono:
tende tatu, zimegandana,
zimeokota nyuzi nyeupe za kushonea.

Hakulia. Alinieleza polepole,
kama mtu anayemweleza mtoto:
"Mbili nimekula.
Moja ya Rayya, moja ya mama.
Ya baba nitaitoa kokwa nikifika,
maana amelala, asije akapaliwa.
Tano, mwalimu. Hazikupotea."

Huyu kutoa alikuwa anakujua
kabla sijamfungulia mlango.
Kugawanya pia, bila baki.
Kujumlisha tu
ndiko hakuwahi kukuona kukitendeka nyumbani kwao.

Mwezi wa tisa ataingia darasa la kwanza,
la serikali, bure, mlango wazi,
ubavuni mwa watoto wa twiga
wanaotaja rangi kwa lugha mbili.
Mwalimu atakuwa na watoto thelathini na wiki moja
ya kuamua nani mwepesi, nani mzito.
Atampa penseli. Atatazama kidole.

Sasa namtilia nane.
Tano za hapa, tatu za kwao, kwenye karatasi mbali.
Jumapili alifika kabla ya wenzake,
akafungua ngumi juu ya mkeka:
kokwa tatu, zimeoshwa, bado zina maji.
Akazisogeza karibu na tano za Alhamisi,
akanitazama nihesabu.

Daftari lile ninalo.
Usiku nimelikwangua kwa wembe,
kama tulivyokuwa tukifuta wino utotoni.
Karatasi ikatoboka.
Tundu moja, tena limekwenda upande.